Skuta, Shuka na Mafuta ya Cherehani

Jumatatu, 4 Machi

Mtihani ni Ijumaa! Barua imefika asubuhi kutoka chumba cha vifaa cha hospitali. Wiki sita za kuazimwa skuta ya umeme, ile ya kukalia wenye shida ya kutembea, zimekwisha. Nikifaulu, inakuwa yangu moja kwa moja. Nikishindwa, inarudi stoo siku hiyohiyo na mimi narudi kwenye magongo. Kwa magongo nafika getini tu. Kutoka getini hadi kibanda changu cha kutengeneza cherehani ni mbali mno kwa goti lililoshonwa kama pindo la suruali. Kabla ya skuta kibanda kilifungwa miezi mitano. Miezi mitano nilikaa nyumbani nikimwelekeza mke wangu namna ya kufagia. Anataka nifaulu. Pengine kuliko mimi.

Barua ina orodha ya vitakavyoangaliwa: kuchaji, upepo wa matairi, breki, kurudi nyuma. Inasema pia nisome kitabu cha maelezo. Kurasa arobaini na nane! Nimefungua cherehani miaka ishirini na sita bila kusoma chochote. Nimekiweka kitabu chini ya mguu mfupi wa meza. Meza imetulia. Tayari kina faida.

Jioni akapita Mwalimu Mkuu. Jirani, mstaafu, nyonga ya kulia ya chuma, skuta nyekundu. Alifanya mtihani wiki jana akapata tisini na mbili. Sikumuuliza. Aliniambia mara tatu. Akasema nisijisumbue sana, bwana fundi, hata hamsini si haba kwa mtu kama mimi. Nikasema ahsante, mwalimu. Moyoni nikaandika: tisini na tatu.

Jumanne, 5 Machi

Nimegundua siri ya betri! Watu wanaichaji kwa saa nane, hata kumi. Ulafi. Mimi nachomoa chaja baada ya saa moja ili isivimbiwe, kisha naifunika skuta shuka ipumzike. Leo asubuhi taa zote za kijani. Pomoni! Inajijaza yenyewe kwa mapumziko, kama binadamu. Ajabu moja ndogo: shuka nimelikuta limekunjwa juu ya kochi, na chaja imechomekwa ukutani, ina joto. Sijui ni upepo.

Nimemweleza mke wangu ugunduzi huu. Akasema kweli, baba, una mkono wa betri. Alikuwa anapiga miayo. Nimemshauri awe analala mapema.

Saa nne, jaribio la pili. Kwa nini kupoteza umeme kwenye mteremko? Chini ya kiti, kwa nyuma, kuna mkono mdogo wa rangi ya njano. Ukiuvuta, magurudumu yanaachana na mota na skuta inasukumika kama toroli. Nikauvuta nikiwa juu kabisa ya mteremko wetu. Umeme uliotumika: sifuri! Kasi: ya kuridhisha. Kufika katikati nikaachia kishikio cha mwendo, kwa sababu siku zote ukikiachia skuta husimama. Haikusimama. Kumbe breki nayo iko upande wa mota. Nikapiga honi. Honi ilifanya kazi vizuri sana.

Nilisimamishwa na kamba ya nguo ya Mwalimu Mkuu. Mataulo mawili na pajama moja ya mistari, nami ndani yake. Hakuna aliyeumia. Mwalimu Mkuu akatoka, akauliza kwa upole wa kutisha kama jambo hilo liko ukurasa wa ngapi. Nikamwambia nilikuja kumwanulia nguo, naona mvua. Jua lilikuwa linachoma kichwa.

Jumatano, 6 Machi

Mke wangu ameushonea ule mkono wa njano kifuniko cha kitambaa chekundu, na kifungo juu. Kwa nyuzi nyeupe ametarizi: KWANZA SHUKA. Urembo tu, anasema. Wanawake na urembo! Nimemruhusu.

Matairi nimeyapima kwa kidole gumba. Yako sawasawa. Baadaye nimemwona akiyapima kwa kipimo cha fundi baiskeli na kuyaongeza upepo. Bila shaka alitaka kuthibitisha kidole changu.

Mchana, kazi kubwa: mafuta! Cherehani yoyote inayokunywa mafuta haina ugomvi. Skuta ni nani? Nimetia vioo, kikapu, mikono ya kiti. Kiti chenyewe kinazunguka ili mtu ashuke kwa urahisi, halafu kinagota na kujifunga mahali pake: tak! Ile tak imenikera wiki sita. Nimemimina nusu chupa. Sasa haigoti tena. Kimya. Kiti kinateleza kama sindano kwenye hariri.

Alhamisi, 7 Machi

Tatizo. Kabla ya kurudi nyuma, sharti mtu ageuke atazame nyuma kikamilifu. Vioo havitoshi. Shingo yangu imeinamia cherehani robo karne. Inafika begani inagoma. Nimegundisha kioo cha mkoba wa mke wangu kwenye ukingo wa kofia. Nimeona mawingu, vizuri kabisa.

Mwalimu Mkuu amepita. Eti kwenye swali hilo yeye alizoa alama zote, shingo yake imekomazwa na wanafunzi waliokuwa wakicheka akiandika ubaoni. Kesho atakuja na daftari. Kunitia moyo, anasema.

Jioni mke wangu akaketi karibu nami. Hakunitania. Akasema siku niliporudi kazini alinisikia napiga mluzi kuanzia getini, na miezi mitano kabla ya hapo nyumba haikuwa na mluzi. Anaomba tu nisome hicho kitabu. Nikaguswa. Nikaenda nikakichomoa chini ya meza. Meza ikayumba, chai ikamwagika. Nikakirudisha haraka.

Ijumaa, 8 Machi

USHINDI! Niandike kwa mpangilio.

Uwanja wa magari wa hospitali. Mtahini ni Dada wa Vifaa, kalamu sikioni, uso hausomeki. Mwalimu Mkuu mahali fulani na daftari lake. Betri: imejaa. Dada akauliza naichaji vipi. Nikaanza habari ya shuka, mke wangu akashikwa na kikohozi, akadakia kwamba inachajiwa kila baada ya safari, mpaka taa igeuke kijani, bila kufunikwa na chochote. Nikamwachia. Alikuwa na wasiwasi, maskini.

Matairi: sawasawa. Kidole gumba hoyee! Kifuniko chekundu: Dada alikifungua, akakifunga, akamwita fundi wao aje aone. Akauliza wazo la nani. Nikasema la nyumbani kwetu. Mke wangu akaangalia juu.

Kisha koni mbili na amri: rudi nyuma. Kitufe cha kasi kina picha ya sungura upande mmoja na kobe upande wa pili. Mke wangu akaninong'oneza kobe, baba, kobe. Nikaweka kobe. Nikavuta shingo. Ikagoma. Nikasukuma na bega, kwa hasira.

Kiti kikaitika! Chote! Nikazunguka nusu duara, tumbo mbele, nikawa naangalia nyuma kama abiria wa dirishani. Mkono mmoja ulibaki kwenye usukani nyuma ya mgongo wangu, kidole bado kimebana kishikio. Skuta ikarudi taratibu katikati ya koni, nami macho yamenitoka. Na nani alikuwa ameketi mwisho wa njia juu ya kigoda, kichwa ndani ya daftari, akihesabu makosa yangu? Nikapiga ukelele, nikaachia. Skuta ikaganda palepale. Kiganja kimoja kutoka ile nyonga ya chuma.

Dada wa Vifaa akasema watu tisa wamepita kwenye mtihani huu tangu Januari na hakuna aliyetazama nyuma kiasi kile. Kisha akakigusa kiti, kikazunguka, kikaondoka na kibao chake cha karatasi. Akanusa kidole. Akauliza haya mafuta ya nini. Nikasema ya cherehani, bora kabisa. Akakata alama sita, akakataa kutia saini mpaka fundi wao akifute kiti chote na tak irudi. Imerudi. Kelele ileile.

Mia toa sita. TISINI NA NNE! Skuta ni yangu!

Mwalimu Mkuu alifunga daftari polepole mno.

Zaidi: Jumatano ijayo nimealikwa kuwaeleza waazimaji wapya kuhusu utunzaji. Dada alipomwalika mke wangu naye, alimshika mkono kwa muda mrefu. Sijui kwa nini.

Jumapili, 10 Machi

Jana nilipiga mluzi hadi kibandani na kurudi.

Leo Mwalimu Mkuu amekuja amenywea. Ameomba kurudia mtihani, watampa nafasi Alhamisi. Akauliza, fundi, ulifanyaje pale kwenye kurudi nyuma? Huruma ilinishika. Nimekitia kiti chake nusu chupa. Amenishukuru hadi machozi.

Changu pia nimekitia. Ile tak haivumiliki.

Hotuba iko tayari. Moja: shuka. Mbili: kidole gumba. Tatu: mafuta, na nimeandaa vichupa kumi vya kugawa. Mke wangu amesikiliza yote. Kisha akainama, akakichomoa kitabu chini ya meza, akaanza kukisoma kwa sauti kuanzia ukurasa wa kwanza.

Meza inayumba sana. Nimeitia mafuta.