Sauti Isiyopiga Hodi

Jumanne, 2 Julai 1996. Homa Bay.
Mpwa wangu Phelesia ameteka kompyuta yangu. Duka moja la kupiga chapa, kompyuta moja, na hesabu zake za chuo kikuu zitakaa humo mpaka Jumamosi! Nimekubali kwa sababu ni mtoto wa dada yangu, na sijawahi kuona akili kama ile. Anahesabu mwanga wa leza ukipiga maji. Maji yanapata joto ghafla, yanavimba, yanasukuma maji ya jirani, nayo yanasukuma mengine. Kusukumana huko ndiko sauti. Mwanga unapiga kelele! Nikauliza leza iko wapi. Akasema haipo, wala maji hayapo, yote ni namba. Nimekagua meza. Kweli, hakuna hata tone.

Profesa wake anasubiri majibu Nairobi Jumatano ijayo. Asipoyafikisha, amepoteza mwaka mzima.

Alhamisi, 4 Julai.
Balaa! Marehemu mwalimu Maranga wa Rodi Kopany anazikwa Jumamosi. Familia inataka programu ya mazishi, kile kijitabu cha ratiba na picha, kesho saa kumi. Nikishindwa, watakwenda kwa Okemwa, yule aliyekuja na printa yake kutoka Migori. Jina la Okemwa chini ya picha ya mwalimu aliyenifundisha mimi kusoma! Nimemwomba Phelesia aharakishe. Haiwezekani. Amegawa maji katika vyumba vidogo, na muda katika hatua fupi fupi. Hatua ikirefushwa, alisema, sauti itaruka chumba bila kupiga hodi, na hesabu yote itapata wazimu. Binti wa miaka ishirini na minne! Natamani mama yake angesikia.

Lakini namba ya hatua nimeiona. Iko mstari wa tatu.

Ijumaa, 5 Julai.
Saa mbili asubuhi. Phelesia yuko sokoni. Nimesimamisha hesabu, nimezidisha hatua kwa kumi, nimeanzisha upya.

Saa mbili na robo. Namba zinanenepa. Kubwa kuliko zake!

Saa mbili na nusu. Nyota! Skrini nzima nyota! Mwalimu Maranga hakuwahi kunipa hata moja.

Saa tatu. Phelesia karudi. Hakunifokea. Alikaa, akafunika uso. Kisha akaeleza polepole kwamba kompyuta huandika nyota namba ikikosa nafasi ya kutosha. Maji yangu ya kikombe kimoja yametoa kelele ya kupasua dunia. Niliona aibu, aibu ya kweli. Akatoa disketi aliyohifadhia hesabu ya juzi. Ataanzia hapo, itaisha Jumatatu jioni, basi lake ni Jumanne. Kisha akang'oa kibodi, akaifunga kwenye leso, akaondoka nayo.

Programu amepata Okemwa.

Jumapili, 7 Julai.
Programu ya Okemwa ilikuwa na makosa mawili. Nimewaonyesha waombolezaji wote.

Phelesia amenisamehe. Zile nyota ataziweka kwenye tasnifu yake, ukurasa mzima, kuonyesha hatari ya hatua ndefu. Na jina langu litatajwa! Nimelia mbele ya wateja. Mtoto huyu ni fahari ya ukoo, lakini amechoka, macho mekundu, na bado anasubiri mpaka kesho. Anastahili zawadi: majibu leo, halafu alale.

Okemwa ana kibodi ya ziada. Nimeisifu programu yake, akaniazima.

Kumi ilikuwa tamaa, nakiri. Leo nazidisha kwa mbili tu.