Kichina cha Shinwa

Ofisi ya Maarifa ya Vijijini ina furaha kutangaza kwamba maendeleo ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale yamekwisha kufika. Yako ndani ya maboksi. Yaliletwa kutoka Mbarara kwa lori la ofisi, na ndani yake mna vitabu vya utafiti kuhusu maisha ya wakulima, vilivyoandikwa na wataalamu wakubwa, vyote kwa Kichina. Mkurugenzi wetu, Bwana Nkusi, alivipokea kwa mikono miwili mbele ya mwandishi wa redio, akatamka maneno ambayo mimi, katibu wa ofisi, niliyaandika hivi: "Kuanzia leo hakuna kubahatisha. Kila kitakachofanyika Nakivale kitafuata vitabu hivi, neno kwa neno."

Watu walipiga makofi. Redio ilitangaza habari hiyo jioni, na asubuhi ikairudia.

Kulikuwa na changamoto ndogo ya kiufundi, kwamba hakuna aliyejua kusoma Kichina. Hilo halikuturudisha nyuma. Ofisi iliunda Kamati ya Usomaji kwa Njia ya Picha, nami nikawa katibu wake pia. Kikao cha kwanza kilijadili kama vitabu vya namna hiyo huanzia mbele au nyuma, kikaahirishwa. Kikao kilichofuata kilipanga vitabu kwenye rafu za maktaba kwa rangi ya jalada. Vya kijani ni kilimo, vya buluu ni maji, na vyekundu visiguswe mpaka yapatikane maelekezo. Mchoro mmoja wenye mstari unaopanda, kushuka na kupanda tena ulitambuliwa na wajumbe wote kuwa ni barabara ya Ngarama.

Ndipo ikaonekana picha. Ilikuwa ndani ya kitabu cha buluu: bwawa la samaki, bata juu ya maji, migomba kando, na mtu mwenye kofia anacheka. Mkurugenzi aliitazama sana. Akasema hayo ndiyo maendeleo, na bwawa kama hilo lichimbwe hapa. Mjumbe mmoja alikumbusha kwamba Nakivale tayari ina ziwa. Mkurugenzi alimweleza kwa uvumilivu kwamba ziwa hilo halikuchimbwa na ofisi.

Likatafutwa shamba. Ilibidi liwe na migomba, kwa kuwa picha ina migomba, na liwe karibu na barabara, ili viatu vya wageni visipate matope. Shamba la namna hiyo lilikuwa la Mama Orpa, mjane wa Kikongomani kutoka Kivu Kusini, mkulima wa maharage. Migomba ilipandwa na mumewe, Gad. Sasa Gad amezikwa katikati ya migomba hiyo. Fundi wetu wa ramani aliliona kaburi, akaliandika kuwa mwinuko wa asili, na bwawa likachorwa juu yake.

Mama Orpa alikuja ofisini amevaa kitenge cha kanisani. Alisimama mbele ya meza yangu.

"Katibu, banasema munaenda kutia maji kwa shamba yangu."

"Ni bwawa, mama. Utekelezaji wa maandiko ya kitaalamu."

"Na Gad?"

"Suala hilo limezingatiwa."

"Mulilizingatia namna gani?"

Nilimweleza kwamba kuzingatia ni hatua ya kwanza, na hatua ya pili bado haijapangwa. Aliniangalia kama anavyoangaliwa muuzaji wa mbegu zilizooza.

"Basi mulete mutu anajua kusoma," alisema. "Kama kitabu kinataka shamba yangu, kiniambie chenyewe."

Ombi hilo lilikuwa la haki kabisa. Hatari yake hatukuiona mapema.

Mkurugenzi aliitisha mkutano wa hadhara, akauliza kwa kipaza sauti ni nani kati ya wakazi anayejua Kichina. Watu walitazamana. Sauti ya mwanamke ikatoka nyuma: "Si Shinwa uyu apa?" Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.

Hapa inafaa nieleze. Kwa Wakongomani, Mchina ni *Shinwa*, neno walilolitoa kwenye Kifaransa, na kitu chochote kinachokufa mapema nacho ni shinwa: tochi, ndala, redio. Damascène, Mrundi anayetengeneza simu karibu na Kabazana, alipewa jina hilo kwa sababu simu anazozitengeneza hufa kabla mwenyewe hajafika nyumbani. Bwana Nkusi, anayeishi Mbarara na kutengenezea simu zake huko, hakuwa na habari hizo.

"Wewe ndiyo Shinwa?" aliuliza.

"Wananiita hivyo, afande, lakini..."

Mkurugenzi alinigeukia. "Andika. Jamii yenyewe inamtambua."

"Afande, mimi Kichina sijui. Hata neno moja."

"Andika pia, mnyenyekevu. Wasomi wa kweli iko hivyo."

Damascène alipewa kiti, kitambulisho chenye picha yake, na cheo cha Mtaalamu Mwandamizi wa Lugha ya Kichina. Aliambiwa kwamba siku ya pili atausoma hadharani ukurasa wa bwawa.

Jioni hiyo nilikuwa kwenye kibanda chake, kwa kuwa simu yangu ilikuwa na tatizo. Mama Orpa akaja.

"Shinwa, weye si Murundi wa Makamba?"

"Ndiyo, mama, Makamba."

"Kichina ulikisomea Makamba?"

"Mama, hawa watu wamenikamata tu. Kesho nawaambia ukweli, narudi kwa simu zangu."

"Ukisema ukweli batatafuta Shinwa ingine. Ile picha ya maji itabakia. Na Gad atabakia palepale, chini ya bata."

Damascène aligeuzageuza bisibisi mkononi. Mama Orpa alijifunga kitenge vizuri, akaondoka. Mimi nilichukulia mazungumzo hayo kuwa ni ushirikishwaji wa jamii, na kwenye ripoti niliyaandika hivyo. Simu yangu ilirudishwa ikiwa imekufa kabisa.

Kesho yake ukumbi wa maktaba ulijaa. Mwandishi wa redio alikaa mbele. Damascène alifungua kitabu cha buluu kwenye ukurasa wa picha, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akakohoa.

"Kinasema hivi. Mkubwa anayetaka kugusa shamba la mtu, kwanza ale na huyo mtu. Chakula kilekile, sahani ileile. Halafu alime naye, tangu kupanda mpaka kuvuna. Akimaliza kuvuna, ndiyo aseme alichotaka kusema."

"Mkubwa gani?" Mkurugenzi aliuliza.

"Dairekta, afande."

"Neno dairekta iko hapo?"

"Ni hili. Hili lenye miguu mingi."

Mkurugenzi aliinama, akalitazama. Kweli lilikuwa na miguu mingi.

"Na hii dogo?"

"Hilo ni katibu."

Sikutegemea kutajwa katika utafiti wa kimataifa. Nilishukuru moyoni.

Lakini Mkurugenzi hakuridhika. "Nyinyi munanichezea," alisema. "Mimi nitaleta mtu ya digrii. Halafu wewe, Shinwa, utaenda kusomea Kichina kwa polisi."

Akapiga simu Mbarara. Baada ya siku chache akaja na Bi Mukandayisenga, mkutubi wa maktaba moja ya mjini, aliyekwenda kusoma China na kukaa huko miaka mingi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, msemaji wa polepole. Alipita kwenye rafu zetu akigusa migongo ya vitabu.

"Nani alivipanga kwa rangi?"

"Kamati," nikasema.

"Vinapendeza."

Akakaa, akafungua kitabu cha buluu. Tuliona macho yake yakienda yenyewe, bila kidole, tukajua huyu anasoma. Damascène alianza kuvua kitambulisho chake shingoni.

Bi Mukandayisenga aliinua kichwa. "Shamba lenyewe liko wapi?"

"Fasi ile, penye migomba," Mama Orpa alimwonyesha kwa kidevu kupitia dirishani. "Bwana yangu iko katikati."

"Anapalilia?"

"Amezikwa."

Mkutubi aliangalia nje kwa muda. Kisha akarudi kwenye ukurasa uleule, akakaa nao kirefu kuliko mara ya kwanza.

"Tafsiri ya huyu bwana ni nzuri," alisema.

Damascène alikirudisha kitambulisho shingoni.

"Nzuri?" Mkurugenzi aliuliza.

"Ila ameacha neno moja."

Mkurugenzi akatabasamu, akamwashiria mwandishi wa redio asogeze kinasa sauti. "Sema, nyabo. Watu wote wasikie. Neno gani?"

"Kulala," alisema Bi Mukandayisenga. "Mtafiti au mkubwa aliyetumwa kijijini alitakiwa kula na mkulima, kulima naye, na kulala kwake. Vyote vitatu kwa pamoja. Huyu bwana ametaja viwili tu."

Kinasa sauti kilikuwa kinawaka. Mkurugenzi alikiangalia kile kitaa chekundu, akamwangalia Mama Orpa, akaniangalia mimi. Mimi nilikuwa naandika neno kwa neno, kama alivyoagiza.

"Jembe ya kuzidi iko," Mama Orpa alisema. "Kitanda hapana. Mukeka iko."

Utekelezaji unaendelea vizuri. Mkurugenzi amekwisha pata malengelenge viganjani, na suruali yake ya suti imekatwa magotini kwa ushauri wa mwenyeji wake. Chakula ni maharage na ugali. Sahani ni ileile, na Mama Orpa anakula haraka. Siku ya kwanza ya kupalilia Mkurugenzi aliambiwa, "Zunguka apo, Dairekta, bwana yangu analala." Sasa anazunguka bila kuambiwa. Jumapili nilimkuta akiondoa majani makavu ya mgomba juu ya kaburi, na hakuna kikao kilichomwagiza.

Wiki iliyopita dereva alikuja na gari la ofisi, limeoshwa, kumpeleka kwenye mkutano muhimu Mbarara. Mkurugenzi aliangusha jembe mstarini na kuanza kutembea kwa haraka isiyokuwa ya kiofisi. Mama Orpa hakuinuka. Alimwita Damascène, ambaye siku hizi huja shambani na kitabu cha buluu pamoja na kitambulisho chake.

"Shinwa, kitabu kinasema aende?"

Damascène alifungua, akapanguza udongo, akatafuta mahali. Kidole kilitembea, kikasimama kwenye neno moja refu, kikarudi nyuma kidogo kuhakikisha.

"Kinasema maharage kwanza yakauke."

Mkurugenzi alikuwa ameshika mlango wa gari. Alinitazama, nami nilikuwa nimekwisha andika. Dereva akashusha kioo, akauliza kwa heshima kama arudi maharage yakikauka, au asubiri na mahindi.