Basi Aliyerudishwa Majini

Habari ililetwa na Duni, fundi simu wa Mombasa, Jumatano asubuhi. Ndiyo maana kijiweni walimwita Redio. Kijiwe chenyewe kiko Rosettenville, ubavuni mwa saluni ya Victorine: benchi moja, makreti mawili ya soda, na jiko la mkaa la Médiatrice, mama wa Kirundi ambaye kahawa yake huwarudishia watu akili. Ilikuwa Septemba 2017. Baridi ya Johannesburg ilikuwa imeanza kulegea, lakini hakuna aliyethubutu kuvua jaketi.

"Sikizeni," Duni akasema, macho kwenye simu. "Kuna mzungu amevua basi mkubwa kwenye lile bwawa kubwa la huko nje ya jiji. Kapiga naye picha, kisha kamrudisha majini."

"Kavua basi?" Bakiri akauliza. "La abiria?"

"Samaki, kaka. Wenyewe wanamwita basi. Huyu ni yule wa mdomo mdogo."

Bakiri alikuwa mtu wa Tanga, mlinzi kwenye maghala ya Midrand. Kijiweni alikuwa Wakili, kwa sababu hakuna jambo alilowahi kulikubali kabla ya kulipinga. Akaweka kikombe chini.

"Hebu nieleweshe. Mtu kaamka alfajiri, kavuta boti kwa gari, kapigwa na baridi, kampata samaki. Halafu kamwachia. Samaki kashinda rufaa?"

"Ni mchezo tu."

"Samaki aliulizwa kama anacheza?"

Gaston, fundi cherehani, alikuwa amekaa kwenye kreti, utepe wa kupimia shingoni. Angenyamaza, siku ingepita salama. Lakini alikuwa na jambo lake moyoni tangu jana yake, na lilikuwa linamwasha.

"Miye ninaenda kule siku ya posho," akasema. "Jumamosi yenu."

Wote wakamgeukia.

"Unaenda na nani, Amirali?" Duni akauliza. Hilo ndilo jina walilompa Gaston, maana alizaliwa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, na hakukupita wiki bila kuwakumbusha.

"Na Mzee Abílio, ule Mreno wa nyumba ya bluu. Aliniletea kizibao chake cha kuvulia nishone zipu. Shemeji yake waliyevuaga pamoja amerudi Madeira. Akaniuliza: wewe mutu wa ziwa, unaweza kuja? Nikamwambia kabisa."

"Unajua kuvua?" Médiatrice akauliza huku akimmiminia kahawa.

"Mama, miye nilikula samaki mbele ya kuota meno."

"Nimeuliza kuvua, Papa Joël," Médiatrice akasema, akimwita kwa jina la mwanawe. "Sijauliza kula."

Kijiwe kizima kikacheka. Gaston akaona heshima yake inateleza, akaidaka kwa njia mbaya kuliko zote.

"Jumamosi jioni washeni mkaa," akasema. "Mutakula basi hapa mpaka muombe radhi."

Ukweli, ambao aliujua yeye na mkewe tu, ni kwamba baba yake alikuwa fundi cherehani kama yeye, na samaki wote aliowahi kuwakamata Uvira walikuwa tayari kwenye sahani.

Jumamosi alfajiri Mzee Abílio alimpitia na bakkie, ile pikapu yake, boti ikiwa nyuma. Kulipopambazuka walikuwa katikati ya maji, na Gaston alikuwa amevaa kila nguo aliyokuwa nayo. Bwawa lilikuwa kubwa kiasi kwamba ng'ambo ilionekana kama mstari wa kalamu. Aliporusha ndoano mara ya kwanza, ilinasa kofia ya mzee. Mara ya pili ilinasa boti.

"Kule ziwani kwenu mnavua hivi?" mzee akauliza. Kiingereza chao wote wawili kilikuwa cha kuungaunga, lakini kilitosha.

"Kule tunatumiaga nyavu," Gaston akajibu, akiangalia pembeni.

Mzee akamwonyesha. Maji bado baridi, akasema, na samaki bado mzito. Ndiyo kwanza anapanda kutoka kilindini kutafuta mawe na changarawe za kutagia. Usimkimbize. Acha chambo kizame mpaka chini, kisha ukikokote juu ya mawe kama kaa aliyechoka.

Gaston akakokota. Jua likapanda, wakala mikate, mzee akapata wawili wadogo na kuwarudisha. Gaston hakupata kitu. Akaanza kutunga visingizio: upepo, boti, chambo cha mpira kisicho na harufu. Kila kimoja alikisikia kikichanwachanwa na Wakili kabla hata hajakimaliza.

Ndipo uzi ukawa mzito, kama mtu ameukanyaga.

"Vuta," mzee akasema kwa sauti ya chini.

Samaki akaruka juu ya maji, mwili wa rangi ya shaba, mistari myeusi ubavuni. Akazama, akaruka tena. Bila kujua, Gaston alikuwa akimsihi kwa Kifuliiru cha mama yake, lugha ambayo hakuwa ameitumia tangu afike nchi hii. Mzee akamchota kwa wavu. Samaki alikuwa na urefu wa mkono mpaka kwenye kiwiko, jicho jekundu, mdomo mdogo uliofungwa kama wa mtu aliyeudhika.

Mzee akapiga picha. Kisha akakiweka kiganja cha Gaston chini ya tumbo la samaki. Lilikuwa limejaa, gumu na baridi kama maji.

"Mayai," mzee akasema. "Mimi huwa ninawarudisha. Lakini huyu ni wako. Ukimtaka, barafu iko pale."

Gaston akaliona akilini jiko la Médiatrice. Akamwona Wakili amekaa na ndimu mkononi. Kisha akalihisi lile tumbo likisukuma kiganja chake, akainama na kumteremsha majini. Samaki akasimama hapo kidogo, akipumua, kama haamini. Akapiga mkia na kumlowesha Gaston uso mzima.

Jioni mkaa ulikuwa tayari. Bakiri alileta ndimu kweli, Duni pilipili, na Médiatrice alikuwa amesonga ugali.

"Samaki yuko wapi?" Bakiri akauliza.

Gaston akatoa simu. Wakaitazama picha, vichwa vitatu juu ya kioo kimoja.

"Huyu?" Bakiri akasema taratibu. "Huyu ulimshika kwa mikono yako?"

"Kabisa."

"Na mzungu akakunyang'anya."

"Hapana. Aliniambia nichukue. Miye nilimwachia."

Bakiri akakaa kwenye benchi kama amepewa habari ya msiba. "Redio, umesikia? Tulikuwa tunamcheka mzungu. Kumbe ugonjwa unaambukiza."

"Alikuwa na mayai," Gaston akasema. "Tumbo limejaa. Wakili, ungelishika, hungeweza."

"Mimi? Ningemla na hayo mayai, na pole ningempa."

"Wacha aseme," Médiatrice akamwambia Gaston. "Huyu hata kuku akimtazama machoni hamchinji." Akaweka miguu ya kuku jikoni, wakala ugali nayo, na Gaston akachambuliwa mpaka mifupa ikaisha. Hakukasirika. Kila akinyamaza alijikuta anatabasamu, nao wakaona, na hilo likawakera zaidi.

Kulipoanza kuingia giza wakatawanyika. Gaston alikuwa anarudisha makreti saluni alipomwona Bakiri akirudi peke yake.

"Huyo mzee wako," Bakiri akasema, akiangalia barabara. "Boti yake inabeba wangapi?"

"Watatu."

"Kwa hiyo kuna nafasi moja. Mimi sivui. Nitakaa tu, nione huo upuuzi kwa macho yangu." Akasogea karibu. "Ila usimwambie Redio."

Gaston akatazama chini. Redio alikuwa ameiomba nafasi hiyohiyo wakati wa kunawa mikono, Wakili asijue. Na Médiatrice alikuwa amewatangulia wote wawili kuiomba.