Malalamiko Kuhusu Mdomo wa Mbwa

Kwa Mheshimiwa Meya Peyroux,
Ofisi ya Mji, Villebrousse

Shikamoo, Mheshimiwa.

Naanza kwa kukiri jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mama. Tangu nikiwa mdogo, kila nikiingia ukumbi wa ndoa wa ofisi yako humsalimia yule kulungu wa kwenye zulia la ukutani, kisha huondoka nimeridhika kwamba bado yu hai.

Sasa nasikia umeamuru zulia lirekebishwe, na mbwa anayemfukuza arudishiwe mdomo. Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Mdomo wa mbwa huyo waliula nondo. Tangu enzi za wafalme alikuwa karibu kung'ata paja la kulungu, na ni nondo peke yao waliochukua hatua. Badala ya kuwashukuru, umewapulizia dawa.

2. Mwindaji anachomoa upanga kwa mkono wa kushoto. Wafumaji wetu hufuma wakiwa upande wa nyuma, picha ikitokea kinyume kwa mbele, na bila shaka kuna aliyesahau kugeuza mchoro. Mwindaji wa namna hiyo hamtishi mtu. Tegemeo lote la msako ni mbwa, nawe ndiye unayempa silaha.

3. Rangi ya manjano iliyochanganywa na bluu kupata kijani imepauka, majani yote yamekuwa ya bluu. Maskini kulungu hajaona jani la kijani miaka na miaka. Njaa, halafu na meno?

4. Binamu yangu Solène alipofunga ndoa mbele ya zulia hilo, mjomba Aubin alimnong'oneza bwana harusi, ukumbi mzima ukasikia: "Kimbia sasa hivi, kijana, mbwa hana meno!" Tulicheka mpaka wewe mwenyewe, uliyekuwa ukiwafungisha ndoa, ukakosea jina la bibi harusi. Mbwa akipata meno, nani atathubutu kuoa hapa?

5. Kulungu ameishi Villebrousse muda mrefu kuliko sisi sote. Naomba aandikishwe kuwa mkazi, ili kumng'ata kuwe kosa la jinai.

Nisalimie Mama Meya, karani wako, na yule paka anayelala juu ya mafaili.

Mimi mkazi mwenzake kulungu,
Maëlys Janicot

Nyongeza: Tafadhali usisimamishe matengenezo. Stempu nilikuwa nimeshabandika, barua sijaituma, ndipo Bi Huguette wa karakana ya ufumaji inayorekebisha zulia akaniita. Nilikuwa nimemwomba anifundishe ufumaji tangu nilipomaliza shule, nikakata tamaa. Akanipa kazi ya majaribio: mdomo wa mbwa! Akasema, "Sikia, mwanangu. Ukiuweza huu, kiti ni chako. Ukiuharibu, rudi kwenu ukamenye viazi."

Nimeumaliza leo. Bi Huguette alipitisha kioo chini ya nyuzi, akautazama humo upande wa mbele, unaoelekea chini, muda mrefu, nikaanza kufikiria viazi. Halafu akaguna. "Mh! Huyu mbwa wako ameshiba nini?" Akanisogezea kiti.

Mheshimiwa, hakuna aliye hai aliyewahi kuuona mdomo wa zamani. Huu mpya nimeufuma umefumbwa. Nakuomba usimwambie mtu yeyote kwamba bado hana meno, na zaidi ya wote mjomba Aubin.