Kochi la L na Dirisha la Mama

Jumamosi, 2 Novemba 2024

Ushindi! Mama yuko kwangu. Nimemchukua kijijini Lionja asubuhi kwa bajaji, kabla Seleman hajafika kutoka Ruangwa kumbeba. Mdogo wangu huyo amepiga simu, analalamika. Nimemwambia mgonjwa wa moyo anatakiwa awe Nachingwea mjini, karibu na hospitali, na kwamba mkubwa ni mimi. Akakata simu!

Humu ndani naweza kusema kweli. Mgonjwa huleta watu. Tangu msimu uliopita wa korosho nina kochi la L, rangi ya maziwa, nailoni haijatolewa, na hakuna mtu wa maana aliyeliona. Sasa watakuja wote. Chumbani tunalala mimi na mke wangu Shakila, kwa hiyo mama atalala sebuleni, na atakayemjulia hali atalijulia hali na kochi.

Kasoro ni moja. Mkono mrefu wa kochi umekaa chini ya dirisha lote. Mkono mfupi nimeusogeza kutoka ukutani, nikapata upenyo, kitanda cha kamba cha mama kikaingia hapo nyuma. Mama ameuliza kama anaweza kulazwa dirishani, aone watu wanaopita njiani. Nimemwambia kesho.

Jumapili, 3 Novemba

Wageni wamekuja wengi. Hakuna aliyekaa!

Walisimama mlangoni na viatu mkononi, wakaangalia ile nailoni, wakasema hawataki kuchafua. Wakaenda kukaa uani kwenye mkeka wa Shakila. Mama aliitikia salamu kutoka nyuma ya kochi, haonekani hata kilemba. Mzee mmoja alisalimia kochi, akalipa pole, kisha akaniuliza mgonjwa yuko wapi.

Shakila ameshauri tuligeuze, mkono mrefu uende ukuta wa pili, mama apate dirisha. Nimemweleza kwamba likigeuzwa, anayesimama mlangoni ataona mgongo tu. Amesema mgonjwa naye anaona mgongo tu. Kisha akabeba cherehani yake kuipeleka jikoni, maana sebuleni haina pa kukaa tena.

Jumatatu, 4 Novemba

Nimepata wazo safi kabisa. Kama mama haonekani, ainuliwe! Nimeweka matofali chini ya miguu ya kitanda. Kichwa cha mama kikatokea juu ya kochi. Maridadi. Mgonjwa na kochi vinaonekana kwa pamoja.

Mama hakufurahi. Amesema amewekwa juu kama mbegu za mahindi darini, na anaogopa kujigeuza. Kwa urefu ule bado dirisha lilikuwa pembeni yake, akaona ukuta na mjusi. Alipojaribu kukohoa kitanda kikayumba. Shakila alimdaka. Ameyatoa matofali mwenyewe, moja moja. Sare ya shule aliyokuwa akishona imeingia masizi ya jikoni, nayo nimelaumiwa mimi.

Jumanne, 5 Novemba

Seleman ametua. Hakupiga hodi ya maana. Alipanda juu ya kochi kwa magoti yake yote mawili ili ashike mkono wa mama. Na suruali ya pikipiki! Nailoni ilitoa sauti mbaya.

Ameniuliza kwa nini mama hajalazwa dirishani kwenye hewa. Nikajibu daktari amekataza upepo. Daktari hajasema neno lolote kuhusu upepo. Akauliza basi kwa nini kochi lisitolewe uani mpaka mama apone. Hapo ikabidi niseme: kochi liliingia kabla fundi hajaweka fremu ya mlango. Sasa halitoki. Seleman alicheka mpaka akafuta machozi. Halafu akaacha kucheka, akamtazama mama.

Anataka kumhamishia Ruangwa. Ana viti vya plastiki na mkeka, basi! Mama amesema atabaki kwa mkubwa wake, asinitie aibu mbele za watu. Akaongeza kwamba dirisha tu ndilo analolitaka. Nimeshinda, ila chai sikuimaliza.

Jumatano, 6 Novemba

Kioo! Nimenunua sokoni kioo kikubwa, nikakitundika ukutani mbele ya mama, kwa pembe, ili dirisha lionekane humo. Atalala pale pale alipo na njia ataiona. Mtu mwingine angewaza hivyo? Seleman angewaza?

Nimekiinamisha kulia, nikakiinamisha kushoto. Mama aliangalia kwa makini sana, akauliza yule bibi aliyevimba uso ni nani. Nikajifanya nakaza msumari. Akajitambua mwenyewe. Akaniomba nikigeuze.

Nimekihamishia upande wa mlangoni. Huko kinalionyesha kochi mara mbili.

Alhamisi, 7 Novemba

Mama hajala. Uji umerudi jinsi ulivyoenda. Sauti imepungua, inabidi niinamie kochi ili nimsikie. Ameuliza nje kuna nini leo. Nikachungulia nikamsimulia: mama muuza mihogo amepita, mbuzi wamelala barabarani, wingu limekusanyika upande wa Ruangwa. Alifumba macho akasikiliza. Akasema laiti ningekuwa namsimulia hivyo toka Jumamosi.

Hilo limenichoma. Nimemwita Tadeo, fundi ujenzi, jirani yetu. Amekagua mlango na dirisha. Amesema hapa kinakatwa kimoja, kochi au ukuta, na anaweza kuanza saa hiyo hiyo. Kukata kochi! Nimemwambia aje Jumamosi, nifikirie. Shakila alinikumbusha kwamba kochi ni mbao na sponji. Mama nimemwahidi kwamba kesho nikitoka msikitini nitalijua la kufanya.

Ijumaa, 8 Novemba

Mama amefariki asubuhi. Uso wake ulikuwa umeelekea mgongo wa kochi.

Nimelia. Nimelia kweli, si kilio cha kuonyesha watu.

Kina mama walikuja kumwosha, wakataka sebule iwe tupu kama inavyofanywa kila msiba. Wanaume sita wakalibeba kochi. Mlangoni likagoma. Wakalisimamisha, wakalilaza, wakalipindua. Jeneza la msikiti lilikuwa linasubiri nje, lisingeweza kumfikia mama hata kwa dawa, na imamu alikuwa ameshaniuliza mara mbili tunachelewa nini. Nilikuwa katikati ya kuwaambia wavute kwa pembe, taratibu, wasichane nailoni, Seleman alipochukua nyundo ya Tadeo. Hakuniuliza. Ameling'oa dirisha, akaubomoa ukuta wa chini yake mpaka sakafuni. Mwanga ukaingia wote mara moja, ukafika mpaka kitandani kwa mama.

Wakatoa kochi. Wakafunga turubai kwenye tundu, mama akaoshwa. Walipomaliza, jeneza halikuzungushwa mlangoni. Limetokea pale pale dirishani. Nilishika mguu wa mbele wa jeneza na sikuweza kumtazama Seleman.

Jambo moja liandikwe. Kochi lilipokuwa uani, wazee walikosa pa kukaa, wakalikalia. Wote! Mzee mmoja alinipa pole, akapapasa nailoni, akasema ni laini. Nilijisikia vizuri. Kisha nikajisikia vibaya. Kisha nikamwambia mkono mrefu ni laini zaidi.

Jumanne, 12 Novemba

Matanga yamekwisha. Seleman amerudi Ruangwa na kitanda cha kamba cha mama amekifunga kwenye pikipiki. Hakuaga. Nyumba ina ukimya ambao siupendi. Mara mbili nimejikuta nainamia kochi kusikiliza.

Kochi limerudi ndani, chini ya dirisha. Tadeo alikuja na saruji azibe. Nikasimama naye kwenye tundu, nikaipima kwa macho ile kona ya mama. Iko wazi. Na kwa seremala karibu na stendi kuna kabati la vyombo, la vioo, lenye taa ndani, ambalo mlangoni kwangu halipiti hata kwa maombi. Lakini hapa kwenye tundu linapita wima! Nimemsimamisha Tadeo asizibe mpaka Alhamisi. Lazima Seleman alione siku ya arobaini.

Shakila amerudisha cherehani kutoka jikoni. Ameshika kiti mkononi, ananiuliza kama anaweza kukaa dirishani kwenye mwanga. Nimemwambia kesho.