Mayai ya Bi Beti katika Jiko la Babu

Jumapili, 12 Januari

Mvua. Baridi ya kupasua midomo. Shangazi Nesta kaja kutoka Cardiff, hakuvua hata koti. Kamkuta Babu Hopcyn kapiga magoti mbele ya jiko la chuma, anapuliza, anakohoa, anapuliza tena. Moto ulikuwa umezimika, na antrasiti haiwaki kwa kubembelezwa. Ni makaa ya mawe magumu kama kichwa cha Babu mwenyewe. Yakishashika, yanatoa joto mpaka kesho yake bila moshi. Kuyashikisha sasa! Na Babu kifuani ana vumbi la mgodi alikoyachimba ujana wake wote.

Shangazi akatoa hukumu. Atarudi Jumapili ijayo. Akimkuta tena magotini mbele ya jiko lililokufa, anamchukua akaishi kwake, ghorofa ya tatu, joto la mabomba, hakuna cha kuwasha wala kuzima. Baba akasema labda tungoje kwanza. Shangazi akamtazama. Baba akasema yeye hajasema kitu.

Mimi nilikuwa na mengi ya kusema. Nikapeleka vikombe jikoni. Shuleni wananifundisha kwa lugha mbili, Kiwelisi cha kwetu Wales na Kiingereza, na nimefaulu kunyamaza kwa zote mbili.

Babu akienda Cardiff, nyumba hii itafungwa. Na hapa ndipo mahali pekee duniani ambapo mtu haniulizi mbona siongei.

Jumatatu, 13 Januari

Nina mpango!

Jirani wa Babu, Bi Beti, hachomi antrasiti. Anachoma makaa ya kiwandani, vumbi la makaa lililoshindiliwa likawa vidonge vya mviringo, vyeusi, sawasawa na mayai. Nayo hayatoi moshi. Wawili hawa wanagombana, kila mmoja upande wake wa ukuta wa uani, tangu sijazaliwa. Leo asubuhi nimesikia Bi Beti akimuuliza Babu kama bado anakwangua viberiti kwenye mawe. Babu akamuuliza kama mayai yake yameshaiva au bado kuku anayaatamia.

Baada ya shule nikaenda kwa Bi Beti kufanya utafiti. Nimepima kwa haki kabisa. Mayai: yanawaka kabla birika halijachemka, lakini mchana yana njaa tena, na jivu lake ndoo nzima. Antrasiti: kuiwasha ni kazi ya asubuhi nzima, lakini inakesha, na jivu lake kiganja tu. Kwa mtu mwenye subira, antrasiti ndiyo mshindi. Ila Shangazi Nesta hana subira, na huja asubuhi.

Kwa hiyo mayai. Tatizo ni moja: Babu ameapa hayaingii nyumbani kwake yeye akiwa hai.

Basi hatajua.

Jumanne, 14 Januari

Bi Beti amenipa gunia zima, nami nimesafisha banda lake la kuku. Alitaka kujua ni ya nini. Nikasema ya shule. Akacheka. Akasema Hopcyn amesalimu amri lakini anaona haya kuja mwenyewe, na kwamba siri hii ataila na mkate wake. Sikumkatalia. Kumkatalia kulihitaji maneno.

Babu ana mtoto wa jicho macho yote mawili, na pua yake ilifia mgodini. Lakini vidole vyake vinafanya kazi. Yai atalijua. Nikawaza mpaka nikapata jibu: nyundo! Yai likivunjwa si yai tena. Ni kipande cha kitu cheusi chenye kona. Nani atajua?

Nimejifungia kwenye kibanda cha Baba nikagonga mpaka meno yanalia. Nusu yamekuwa vipande vizuri. Nusu unga. Nimevitia vyote, unga pia. Mali haitupwi.

Jumatano, 15 Januari

Nimehamisha antrasiti ya Babu kwa begi la michezo, safari baada ya safari, mpaka nyumbani kwetu, chini ya kitanda changu. Mwalimu wa michezo ameniuliza mbona natembea kama bibi kizee. Nimeinua mabega. Yameuma.

Sanduku la makaa uani kwa Babu sasa limejaa kazi ya mikono yangu. Kwa macho yangu ni antrasiti tupu. Najivunia.

Alhamisi, 16 Januari

Ushindi! Nimepita kwa Babu kabla ya shule. Kakwangua kiberiti kimoja tu. Moto ukashika kama ulikuwa unamngoja. Babu akakaa chini, akautazama, akapiga mluzi. Sijamsikia akipiga mluzi tangu Bibi afariki. Akatoka uani na viatu vya ndani kwenda kumtangazia Bi Beti kwamba antrasiti imeshika kwa kiberiti kimoja, na kwamba hiyo ndiyo faida ya kuwa na mikono ya mchimbaji. Bi Beti akanitazama juu ya ukuta. Akauma mdomo. Akasema hongera, Hopcyn, makaa mazuri hayo.

Mimi ni mtu wa hatari.

Ijumaa, 17 Januari

Nimerudi kutoka shule nimemkuta Babu kavaa koti ndani ya nyumba. Moto ulikufa mchana. Akauwasha. Ukafa. Akauwasha tena. Nimefungua mlango wa jiko: wavu wote umezibwa na unga, umeshikana kama uji uliolala. Hewa haipiti hata ya kumtosha sisimizi. Nikachokonoa. Unga mwingi zaidi ukashuka.

Babu hakulaani. Afadhali angelaani. Aliketi akiitazama mikono yake, anaigeuza upande huu, upande ule.

Jumamosi, 18 Januari

Raga kwenye televisheni. Babu hakuiwasha.

Kafanya kila kitu kwa utaratibu wake wa zamani, hatua kwa hatua, huku anajisemea polepole kama mtoto anayejifunza sala: karatasi, vijiti, makaa madogo, mlango wazi kidogo. Moto ukaja, ukacheza, ukafa. Akakaa sakafuni.

"Mikono imesahau, Mabli," akasema.

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na sentensi nzima tayari. Nikauliza kama anataka chai.

Nikakimbilia kwa Bi Beti. Nikamwonyesha kipande. Akakishika, akanitazama, akauliza nani kichaa aliyeyavunja mayai yake. Yanawekwa mazima, mtoto wee, ili hewa ipite katikati yake. Mazima yangewaka vizuri tu. Akaniambia niende sasa hivi nikamweleze babu yangu. Nikaitikia kwa kichwa.

Sijaenda kumweleza. Nina njia bora. Nimerudisha antrasiti yote kabla ya chakula cha jioni, nikazoa unga, nikasugua wavu, nikamjazia ndoo. Kesho atawasha, itashika, atajua mikono iko sawa. Kila kitu kitakuwa kama kwamba hakikutokea. Hakuna haja ya mtu kusema kitu.

Jumapili, 19 Januari

Shangazi amefika asubuhi. Babu hakuwa magotini. Alikuwa ameketi kitini, kofia kichwani, begi lililokwisha fungwa liko miguuni pake. Ndoo ya antrasiti nzuri ilikuwa pembeni yake. Hakuigusa.

Hata Shangazi alishtuka. Akaanza kusema hakukuwa na haraka, angeweza kungoja hadi masika. Babu akamkatiza.

"Nesta, mimi nimeyachimba haya maisha yangu yote. Kama siwezi tena kuyawasha, sijui nini kingine nimesahau. Gesi? Mlango? Nichukue kabla sijajua."

Baba akaenda kusimama dirishani.

Babu akaniita. Akanishika mkono. Akasema mimi nimekuwa nikija kila siku wiki hii, nimemwona akiwasha, basi nimwambie ukweli bila kumwonea huruma.

"Kosa langu liko wapi, mwanangu?"

Wote wakanitazama. Masikio yangu yakawaka, ndicho kitu pekee kilichowaka nyumbani humo.

"Upepo, Babu," nikasema. "Umegeuka."

Akanipigapiga mkono. Akasema asante. Kwa sauti ya mtu aliyepewa peremende na mtoto.

Bi Beti alikuwa kanisani. Aliporudi akaona dohani ya Babu haina hata mvuke. Nikamwambia kwamba Babu kachukuliwa, na kwamba sikusema. Hakunigombeza. Alikaa juu ya ngazi yake ya mlangoni na nguo za kanisa, kwenye mvua. Baadaye akasema yeye hatamwambia Babu kwa niaba yangu. Ni sentensi moja tu, akasema. Mpigie simu.

Jumapili, 26 Januari

Cardiff. Babu ameketi karibu na bomba la joto la Shangazi. Kila mara analigusa kwa nyuma ya mkono. Ameniuliza ni nani huliwasha. Shangazi akamweleza kwamba linajiwasha. Babu akatikisa kichwa, akasema limebahatika.

Shangazi ameniambia pembeni kwamba hamruhusu tena kugusa birika. Babu mwenyewe ndiye aliyeomba asiruhusiwe.

Tumeachwa peke yetu chumbani kwa muda mrefu. Ilikuwa nafasi nzuri mno. Sentensi moja. Nimemenya chungwa. Tumekula chungwa.

Lakini ndani ya gari, njiani kurudi, nimepata mpango, na huu hauna kasoro. Kesho nitampigia simu kama mzee wa kampuni ya makaa. Kwa Kiingereza, sauti nzito. Nitasema gunia lake lilichanganyika na takataka, kampuni inasikitika, kosa si lake. Nimejizoeza nikiwa nimefunika mdomo kwa soksi. Baba kaja kuuliza kama ninaumwa.

Babu ataitambua sauti yangu? Hapana. Ameisikia mara chache sana. Na hata akiitambua, maskini, siku hizi anasahausahau.