Ukumbi Namba Saba wa Kujipoozea

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kikao hiki, dada yangu mpenzi, uliyepewa kiti pekee chenye mgongo, hapa kando ya kitanda changu cha ugonjwa. Mheshimiwa binti yangu, msimamizi mkuu wa vidonge na saa zake. Mheshimiwa mkwe, uliyesimama mlangoni kama mlinzi wa benki. Nanyi wananchi nisiowaona, ambao nimewahutubia miaka thelathini na moja hata sijui tena kusema jambo zito bila ninyi kuwepo: nawasalimu kwa heshima na taadhima. (Mkwe anapiga makofi mawili, anaona yuko peke yake, anaacha.)

Nikiwa Mkurugenzi wa Hali ya Hewa ya Jiji, niliongoza mchakato shirikishi wa kukabiliana na wimbi la joto, mchakato uliozaa semina kumi na nne, mpango mkakati wenye jalada la kijani, na kofia. (Binti: "Baba, meza mate kwanza. Hakuna anayekufukuza.") Mtakumbuka mwaka ule joto lilikaa siku tisa, lami ikawa inanasa viatu, na kuta za saruji zikala jua mchana kutwa na kulitapika usiku kucha, watu wakaamka wamechoka kuliko walivyolala. Takwimu zetu, hata hivyo, zilionyesha nyuzi thelathini na mbili, kiwango cha kuridhisha. Mwongozo unataka kipimajoto kikae juu ya nyasi, mbali na majengo. Na kwa kuwa jijini hapakuwa na nyasi, tulilipima jiji kutokea shamba la ng'ombe, mwendo wa saa moja kwa gari. Ng'ombe hawakulalamika. (Kicheko, cha mkwe.)

Zaidi ya hapo, siku moja kabla ya wafadhili kuja kufanya tathmini, nilitangaza redioni, kwa sauti yangu mwenyewe, kumbi kumi na mbili za kujipoozea, zenye feni, maji na mikeka, utekelezaji ukiwa umefikia asilimia tisini na nne.

(Dada: "Tulikusikia. Mume wangu alikuwa kwenye cherehani, chini ya lile bati. Nikamwambia, fundi, acha ubishi, shemeji yako kasema namba saba, nyuma ya stendi. Nenda.")

Mwenyekiti avumilie, nafasi ya maswali ipo mwishoni.

(Dada: "Sina swali. Nasema ningemsindikiza, asingepotea.")

Hayo ndiyo maneno yako kwa miaka kumi na tisa, dada, katika kila msiba wa ukoo: kwamba marehemu alikuwa mbishi, hakuuliza njia, ndiyo maana akakutwa ameanguka, na kwamba kosa ni lako. Nami hukuitikia, "Ndiyo, dada," kisha nikaulizia chai.

Kaulimbiu ya kofia zetu: Jiji Poa, Maisha Poa. Kivuli kwa Kila Mwananchi. (Mara hii hata mkwe hapigi makofi.)

Kwa kuhitimisha, nawashukuru wachora ramani, washona kofia na mtangazaji wa redio. Kipekee namshukuru shemeji yangu, fundi cherehani, mwananchi aliyetii tangazo langu kwa ukamilifu. Hakupotea, dada. Alifika palepale nilipomwelekeza, akazunguka akitafuta mlango. Namba saba ilikuwa namba tu, niliyoiandika mahali ramani ilipobaki na nafasi, na zile kumi na moja zilikuwa ndugu zake. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Mwenyekiti hafungi kikao.)